Kisu cha Kukunja na Sayansi ya Makali

Weka juu ya meza visu viwili vya kukunja. Cha kwanza ni Opinel namba 8, kitokacho Savoie, katika milima ya Ufaransa: bapa moja, mpini wa mti, na pete ya chuma shingoni. Bei yake ni dola 20 za Kimarekani hivi. Cha pili ni Sebenza, kitengenezwacho katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Bei yake hupita dola 400. Sasa mwite mtu asiyejua lolote juu ya visu, mpe nyanya mbivu, umwambie aikate kwa kila kimoja. Mara nyingi atakisifu kile cha dola 20, wala hatakuwa amekosea.

Hata hivyo wako mafundi, mabaharia na wahandisi wenye akili timamu ambao hulipa zile dola 400 bila kujuta. Je, wamenunua nini? Swali hili si la matajiri peke yao. Ndani yake mna sehemu kubwa ya fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari: kanieneo, momenti, aloi, fuwele na kutu. Tena mwenye kulijua jibu lake hadanganywi kwa urahisi dukani, awe ananunua kisu, panga au shoka.

Kati ya visu hivyo viwili tuweke cha tatu, ili mizani isiwe na pande mbili tu. Nacho ni Para Military 2 cha kampuni ya Spyderco, yenye makao yake Golden, jimbo la Colorado. Bei yake ni karibu nusu ya bei ya Sebenza. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1981 kisu chenye tundu la duara katika bapa, ili kidole gumba kipate mahali pa kusukuma na kisu kifunguke kwa mkono mmoja, na kibanio cha kukishikia mfukoni. Leo mambo hayo mawili yameigwa kila mahali.

Jina Sebenza halitakuwa geni kabisa masikioni mwa msomaji wa Kiswahili. Chris Reeve, aliyekibuni, ni mtu wa Afrika Kusini. Aliunda visu vya kwanza vya aina hiyo mwaka 1987 akiwa bado huko, kisha mwaka 1989 akahamia Boise. Katika Kizulu *ukusebenza* ni kufanya kazi, na kiambishi *uku-* ni ndugu wa *ku-* yetu. Karakana yake ikaendelea na desturi hiyo: kisu kimoja kikaitwa Inkosi, yaani mtemi, kingine Umnumzaan, yaani bwana mwenye boma, na kidogo cha mfukoni kikaitwa Mnandi, yaani kitamu, cha kupendeza. Ni jambo la kufurahisha kwamba baadhi ya visu vinavyotamaniwa zaidi Marekani vina majina ya Kibantu, na wengi wa wanunuzi wake hawalijui hilo.

Makali ni nini?

Kukata ni kazi ya kanieneo, yaani kani igawanywayo kwa eneo. Chukua kisu kilichonolewa vizuri, ambacho ukingo wa makali yake una upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Tuseme milimita 20 za makali hayo zimegusa kamba, nawe unakandamiza kwa kani ya nyutoni 10, ambayo ni sawa na uzito wa kilo moja hivi ya sukari. Eneo linalogusa ni mita 0.02 mara mita 0.000001. Mwanafunzi akifanya hesabu atapata kanieneo ya paskali milioni 500, yaani mara 5,000 hivi ya kanieneo ya hewa ituzungukayo. Hakuna uzi wa mkonge wala nyama iwezayo kustahimili hayo.

Sasa kisu hicho hicho kimetumika wiki mbili, na ukingo wake umelika hadi mikromita 10. Mkono ni ule ule, kani ni ile ile, lakini kanieneo imeshuka hadi sehemu moja ya kumi. Ndipo mtu husema kisu hakipati. Aongezapo nguvu ili kufidia upungufu huo, kisu huteleza, na kutoka hapo safari ya kwenda zahanati ni fupi.

Kwa hiyo yapo maswali mawili tofauti ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. La kwanza: makali haya yanaweza kufanywa membamba kiasi gani? La pili: yatabaki membamba kwa muda gani? Swali la kwanza linahusu umbo la bapa na ustadi wa mnoaji. La pili, kwa sehemu kubwa, linahusu feleji.

Ndani ya feleji

Chuma kitupu ni laini. Kinachokigeuza kuwa feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ni kaboni kidogo: kwa visu, kutoka nusu ya asilimia hadi asilimia moja na nusu hivi. Lakini kaboni peke yake haitoshi. Lazima ifungwe mahali pake kwa moto. Katika hali ya kawaida atomi za chuma hujipanga katika miraba yenye atomi moja katikati. Chuma kikipita nyuzi 912 za Selsiasi, atomi hujipanga upya, safari hii zikikaa katikati ya nyuso za mraba, na mpango huu mpya una nafasi za kupokea kaboni nyingi zaidi. Mhunzi akikizamisha ghafla katika mafuta, chuma hutaka kurudi katika mpango wake wa zamani, lakini kaboni haipati wasaa wa kutoka. Hunaswa humo humo na kuzivuta fuwele hadi zipindike. Hali hiyo huitwa martensaiti. Ni ngumu mno, tena huvunjika upesi. Kwa sababu hiyo hupashwa moto tena, safari hii kwa kiasi, ili ilegee kidogo. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, kwa mfano, huzipasha bapa za visu vyake hadi nyuzi 1,040, kisha huzirudishia moto wa nyuzi 160, na mwisho wake ni ugumu wa 56 kwa kipimo cha Rockwell.

Kipimo hicho cha Rockwell hutajwa katika kila tangazo la kisu, na ni wachache wakijuao. Ni rahisi. Pia ya almasi hukandamizwa juu ya feleji kwa mzigo wa kilo 150, kisha hupimwa kina cha shimo. Huanziwa 100, na kila milimita 0.002 za kina huondoa alama moja. Feleji yenye ugumu wa 60 basi ni ile ambayo almasi imezama milimita 0.08 tu. Tofauti kati ya 58 na 61, ambayo wapenzi wa visu huweza kubishana juu yake usiku kucha, ni milimita 0.006 za shimo. Ni ndogo machoni, lakini katika ukingo wa mikromita moja si ndogo hata kidogo: feleji laini hupinda makali yake kama karatasi, ilhali ngumu kupita kiasi humeguka vipande.

Hapo ndipo penye mgogoro wote wa feleji za visu. Tunataka sifa tatu kwa pamoja. Tunataka ugumu, ili makali yasipinde. Tunataka ushupavu, ili yasimeguke. Tunataka pia yastahimili msuguo, ili yasilike. Ukiiongeza moja, kwa kawaida unaipunguza nyingine, na aloi zote za gharama kubwa ni majaribio ya kuukwepa mgogoro huo.

Kustahimili msuguo hutokana hasa na chembe ndogo ziitwazo kabidi, ambazo ni kaboni iliyoungana na metali kama kromi, vanadi au niobi. Kabidi hukaa ndani ya feleji kama kokoto katika udongo wa kiambaza. Kabidi za kromi ni ngumu kuliko martensaiti inayozishika. Kabidi za vanadi ni ngumu zaidi hata ya hizo, kiasi cha kuupita ugumu wa oksidi ya alumini, ambayo ndiyo itumikayo katika vinoo vingi vya viwandani. Lakini fikiri kidogo. Ikiwa kokoto ni kubwa kuliko unene wa ukuta wenyewe, itatokea nini? Itang'oka na kuacha pengo. Katika feleji za zamani zenye kaboni na kromi nyingi, kama ile iitwayo 440C, ziko kabidi zenye upana wa mikromita 20 na zaidi, nasi tumesema ukingo wa makali ni mikromita 1!

Dawa ilipatikana kwa kubadilisha namna ya kugandisha feleji. Mwaka 1970 kampuni ya Crucible ya Syracuse, New York, ilianza kuuza feleji iliyotengenezwa kwa unga. Feleji iliyoyeyuka hupulizwa kwa gesi yenye kanieneo kubwa, ikatawanyika kuwa matone madogo sana. Kila tone huganda kwa nukta chache, na kabidi hazipati nafasi ya kukua. Unga huo hutiwa ndani ya mkebe mkubwa wa chuma, hewa ikaondolewa, mkebe ukafungwa, kisha ukakandamizwa kutoka pande zote katika joto kali hadi unga ukawa pande moja lisilo na tundu. Kabidi sasa ni za mikromita chache tu. Crucible yenyewe imepata misukosuko, na Desemba 2024 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Lakini njia hiyo ya unga hutumiwa pia Ulaya, kwa mfano na Böhler wa Austria.

Mwaka 2001 kampuni hiyo ilitoa feleji iitwayo S30V, iliyoundwa mahsusi kwa visu, na Chris Reeve alikuwa miongoni mwa mafundi waliotoa ushauri. Ina kaboni asilimia 1.45, kromi 14, vanadi 4 na molibdeni 2. Sebenza ikaipokea, Para Military 2 nayo ikatengenezwa kwayo kwa miaka mingi. Baadaye zikafuata S35VN, ambamo sehemu ya vanadi iliondolewa na niobi kidogo ikatiwa ili feleji iwe shupavu zaidi, kisha S45VN.

Hapa inafaa kutaja jambo ambalo limewaudhi wanunuzi wengi wa Sebenza. Kwa muda mrefu karakana ya Boise iliiacha S30V katika ugumu wa 58 hadi 59, ilhali ingeweza kuipeleka hadi 61. Walalamikaji walisema wamelipa fedha nyingi kwa feleji iliyotumika nusu. Reeve naye alitaka kisu ambacho mwenyewe anaweza kukinoa porini, na kisichomeguka. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini kwa mnunuzi funzo ni moja: jina la feleji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni tanuri lililoipasha, na hilo halichorwi juu ya bapa.

Kutu, na hesabu isiyotarajiwa

Mwaka 1913 Harry Brearley, mtafiti wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza feleji yenye kromi nyingi ambayo haikuliwa na asidi kama nyingine. Kromi hutengeneza juu ya feleji utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe. Ili jambo hilo litokee hapana budi kromi ifike asilimia 10.5 hivi. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba yenye asilimia 14 ni bora kuliko yenye 11. Hapo ndipo akosapo, nami niliwahi kukosa vivyo hivyo.

Kromi inayolinda ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma, si ile iliyokwisha nyakuliwa na kaboni kutengeneza kabidi. Mwaka 2021 ilitangazwa feleji iitwayo MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali wa Kimarekani, Larrin Thomas. Ina kromi asilimia 10.7 tu, na kaboni 1.15. Lakini mchanganyiko wake umepimwa kwa namna ambayo kaboni huungana na vanadi na niobi, na kromi yote hubaki huru. Matokeo yake ni kwamba huzuia kutu vizuri zaidi ya S30V yenye kromi 14, na kwa kuwa haina zile kabidi kubwa za kromi, ni shupavu zaidi pia. Karakana ya Reeve sasa inaitumia. Katika habari zote za feleji za miaka hii, hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko nyingine, maana mgogoro uliodhaniwa hauna suluhu ulilegezwa kwa hesabu ya kemia, si kwa metali mpya ya ajabu.

Opinel wenyewe hawajishughulishi na hayo. Wanauza bapa za aina mbili. Moja ni ya feleji ya kawaida yenye kaboni asilimia 0.9 hivi, ambayo hushika kutu usiku mmoja ukiisahau na maji ya ndimu, lakini hunoleka juu ya jiwe lolote. Nyingine ni ya feleji isiyoshika kutu kwa urahisi. Kwa mkaaji wa Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, uchaguzi hauhitaji mjadala.

Kwa nini nyanya ilikipenda kisu cha dola 20

Bapa la Opinel namba 8 lina unene wa milimita 1.7 hivi mgongoni. La Sebenza kubwa lina milimita 3.2, na la Para Military 2 lina milimita 3.7. Kisu ni kabari. Makali yakishapenya, bapa lote hulazimika kufuata, na kabari nene husukuma pande zote mbili za kinachokatwa. Katika nyama na nyanya ambazo hutanuka hilo halisumbui sana, lakini katika karoti, muhogo au ubao mwembamba, kabari nene hupasua badala ya kukata. Sebenza hupunguza kasoro hiyo kwa bapa lililochongwa kama mfereji kila upande, na Para Military 2 kwa kuchongwa bapa toka mgongoni hadi makalini. Hata hivyo milimita 1.7 ni milimita 1.7.

Pembe ya makali nayo ina neno. Ukinoa kwa nyuzi 15 kila upande, makali hukata kwa kani ndogo kuliko kwa nyuzi 20 au 25, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hudumu pia yakikata, mradi feleji iwe shupavu kiasi cha kuistahimili pembe hiyo. Hivyo feleji ya bei rahisi iliyonolewa kwa pembe nyembamba yaweza kuishinda feleji ya bei ghali iliyoachwa na pembe nene ya kiwandani. Mtu aliyelipa dola 400 na hajui kunoa amenunua kisu cha miezi mitatu.

Komeo

Mwandishi wa makala haya ana kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alilipata akiwa kidato cha pili, alipojaribu kutoboa kopo kwa ncha ya kisu kidogo cha kukunja kisichokuwa na komeo, ambacho bapa lake lilishikiliwa na kamani tu. Ncha ilikwama, mkono ukaendelea kusukuma, bapa likajikunja. Kosa lilikuwa langu, si la kisu. Kisu cha namna hiyo hakikuumbwa kwa kutoboa. Lakini tangu siku hiyo nitazamapo kisu cha kukunja huanza na bawaba, makali baadaye.

Fanya hesabu ya momenti. Tuseme kani ya nyutoni 50 inalisukuma bapa upande wa kulifunga, umbali wa milimita 80 toka kwenye pini. Momenti ni nyutoni-mita 4. Komeo linalolizuia liko milimita 8 tu toka kwenye pini hiyo. Basi ni lazima libebe nyutoni 500, yaani mzigo wa kilo 50 hivi, juu ya eneo dogo kuliko ukucha wa mtoto. Ukipiga mgongo wa bapa juu ya meza, kama wafanyavyo vijana wanaotaka kujua uimara wa kisu, kani hupanda maradufu nyingi kwa nukta moja. Jaribio hilo huharibu komeo, na siku litakaposhindwa, vidole ndivyo vitakavyokuwa njiani.

Opinel hutumia pete. Marcel Opinel aliibuni mwaka 1955: pete ya chuma yenye mwanya huzungushwa shingoni mwa mpini, na sehemu yake nzima hulizuia bapa lisirudi. Tangu mwaka 2000 huweza pia kulizuia lisifunguke mfukoni. Ni komeo rahisi, lenye nguvu ya kutosha, na kasoro yake ni ya kibinadamu: lazima ukumbuke kuizungusha, na mikono miwili inahitajika. Para Military 2 ina kipande cha chuma chenye kamani ambacho hujipenyeza kati ya mkia wa bapa na pini ya kizuizi. Ili bapa lirudi, ingebidi kipande hicho kipondwe, na metali kupondwa ni kazi ngumu kuliko kupindwa.

Komeo la Sebenza ndilo lililompatia Reeve jina. Mpini wake ni mabamba mawili mazito ya titani. Katika bamba moja umekatwa mwanya mrefu, ukaacha ulimi ambao umepindwa kidogo kuelekea ndani. Bapa likifunguka, ulimi huruka na kusimama nyuma ya mkia wake. Mpini wenyewe ndio komeo. Uzuri wake ni kwamba kadiri mkono unavyoushika mpini kwa nguvu, ndivyo vidole vinavyousukuma ulimi mahali pake. Leo komeo hilo limeigwa na viwanda visivyohesabika, na mengi ya maigizo hayo hayafai, kwa sababu kazi yote iko katika mwinamo wa uso mdogo ambapo ulimi hukutana na bapa. Mwinamo ukizidi kidogo, ulimi huteleza, ukipungua, hukwama. Tena titani ni laini kuliko feleji, hulika na kung'ang'ania; kwa hiyo uso wa ulimi uligumishwa kwa moto, na katika matoleo ya karibuni imewekwa hapo gololi ya kauri.

Katika Uingereza komeo hili hili humweka mwenye kisu upande mwingine wa sheria. Kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, huruhusiwa kubebwa bila kueleza sababu. Chenye komeo lazima kiwe na sababu. Kilindacho kidole kimehesabiwa kuwa hatari kwa jirani.

Zile dola 400

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikwenda kwenye makali. Ilikwenda kwenye bawaba. Titani ina ujazito wa gramu 4.4 kwa sentimita ya ujazo, ilhali feleji ina 7.8 hivi, haishiki kutu, bali kuichonga ni kazi ya polepole ilayo vyombo. Bapa la Sebenza huzunguka juu ya washa pana za shaba nyeusi yenye fosforasi, na sehemu zote zimechongwa kwa usahihi ambao humruhusu mwenye kisu kukifungua chote kwa ufunguo mdogo, kukisafisha mchanga, na kukirudisha bila bapa kulegea wala kukaza. Kisu kisichokunjwa, cha bapa na mpini tu, hakihitaji hata moja ya hayo, na kwa nguvu hukishinda cha kukunja chochote. Tunalipa ili kisu kiingie mfukoni.

Mimi ningechagua hivi. Kwa chakula, matunda, kamba nyepesi na kazi za nyumbani, Opinel, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Mpini wake wa mti huvimba ukilowa na bapa hugoma kufunguka, basi usiuloweshe. Kwa mtu ambaye kisu ni chombo chake cha kazi kila siku, ghalani au karakanani, Para Military 2, kwa sababu feleji yake na komeo lake haviko nyuma ya Sebenza kwa jambo lolote ambalo kamba ingeligundua. Mpini wake wa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi haupendezi, lakini hautelezi. Juu ya hapo kila dola inayoongezeka hununua usahihi, maisha marefu ya bawaba, na uzuri. Hivyo si vitu vya kudharauliwa. Baharia ambaye kisu chake huingia chumvi kila siku, naye anataka kukifungua na kukisafisha kwa miaka 20, atafanya vyema kununua Sebenza yenye MagnaCut, pamoja na kinoo cha almasi. Ila asimwambie mtu kwamba inakata zaidi.

Jaribio la darasani

Wapimaji wa visu wa Marekani hupenda kutumia kamba ya manila au ya mkonge. Mkonge hatuhitaji kuufuata mbali. Tunao tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Mwalimu atafute visu viwili vya jikoni vilivyo sawa, vya bei ndogo, kamba ya mkonge yenye unene wa milimita 10, na mizani ya jikoni. Wanafunzi wasilete visu kutoka nyumbani, na kukata kufanywe na mtu mmoja mmoja, mwalimu akiwa karibu.

Kisu kimoja kinolewe kwa nyuzi 15 kila upande, kingine kwa nyuzi 25. Pembe hupatikana kwa trigonometria: ikiwa bapa lina upana wa milimita 20, mgongo wake uinuliwe juu ya kinoo milimita 5.2 kwa nyuzi 15, na milimita 8.5 kwa nyuzi 25. Vijiti viwili vilivyochongwa kwa vimo hivyo vitasaidia. Weka kibao juu ya mizani, kamba juu ya kibao, urekebishe mizani isome sifuri. Kandamiza kisu moja kwa moja chini bila kukivuta mbele na nyuma, na mwenzako asome kiasi kikubwa kabisa kilichoonyeshwa kabla kamba haijakatika. Zidisha kilo kwa 9.8 upate nyutoni. Rudia mara tano, utafute wastani. Kisha kata kamba hiyo mara 20 juu ya ubao wa kawaida, urudi mizanini, na uendelee hivyo hadi kani iwe mara mbili ya ile ya kwanza. Chora grafu ya kani dhidi ya idadi ya mikato, visu vyote viwili katika karatasi moja. Kamba iwe safi, kwa maana mchanga una silika, na mikato kumi ya kamba yenye mchanga hufanya kazi ya mamia.

Mwisho, shika kila kisu chini ya taa, makali yakitazama juu, uyaangalie kwa lenzi. Makali makali hayaonekani, kwa kuwa hayana uso wa kurudisha nuru. Palipo na mstari mweupe unaong'aa, hapo ndipo palipolika, na urefu wa mstari huo waweza kupimwa kwa rula.